Mkulima ajue anacholipia katika dizeli ya bei ya juu

KWA mwenye pikapu, fuso au trekta, dizeli ni gharama isiyokwepeka. Jembe laweza kuazimwa na mbegu zaweza kukopwa kwa jirani, lakini mafuta hulipiwa taslimu palepale kwenye pampu, tena kabla mzigo haujafika sokoni. Ndiyo maana swali ambalo baadhi ya wahudumu wa vituo vya mafuta huwauliza madereva, “Ya kawaida au ile maalumu?”, si la kujibiwa kwa kubahatisha. Tofauti ya shilingi mia moja kwa lita huonekana ndogo mpaka ipigiwe hesabu ya mwaka mzima.

Makampuni kadhaa ya mafuta duniani huuza dizeli ya aina mbili katika kituo kimoja. Moja ni ya kawaida. Nyingine hupewa jina la kuvutia, kama Excellium ya TotalEnergies au V-Power ya Shell, na huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Wauzaji husema kwamba dizeli hiyo husafisha injini, hupunguza ulaji wa mafuta na huongeza nguvu. Wanunuzi nao wamegawanyika. Wapo wanaoapa kuwa gari limebadilika kabisa, na wapo wanaosema hiyo ni njia nyingine ya kumkamua mwananchi. Kila upande una ukweli kidogo, ila ni wachache wanaouliza kilichomo ndani ya mafuta yenyewe.

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, mafuta yanayotumika Tanzania yamekuwa yakiagizwa kwa mfumo wa pamoja na kushushwa katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Meli moja huleta shehena ya makampuni mengi. Dizeli ya kituo chenye vioo, taa na duka la vinywaji baridi, na ile ya kituo chenye pampu mbili kando ya barabara ya vumbi, zinaweza kuwa zimetoka katika meli ileile. Kwa kawaida kinachoifanya dizeli iitwe maalumu ni dawa inayoongezwa baadaye, tena kwa kiasi kidogo sana ukilinganisha na mafuta yenyewe.

Dawa hiyo si uongo. Sehemu yake kubwa ni ya kusafisha, yaani huzuia masizi na utando kuganda kwenye matundu ya nozeli, na huweza kuondoa ulioanza kuganda. Nyingine huzuia kutu, na nyingine huzuia povu wakati wa kujaza tangi. Zipo pia zinazopandisha kiwango cha setani, na hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo kwa kuifananisha dizeli na petroli.

Petroli hupimwa kwa okteni. Dizeli hupimwa kwa setani, ambayo huonyesha jinsi mafuta yanavyowahi kuwaka yanapokutana na hewa iliyobanwa na kupata moto ndani ya injini. Ulaya kiwango cha chini kisheria ni 51. Injini ikishapata kiwango ilichotengenezewa, setani ya ziada haiongezi nguvu ya kupanda mlima. Itasaidia gari kuwaka vizuri asubuhi ya baridi kule Makete au Njombe, na itapunguza kelele na moshi mweupe kabla injini haijapata moto. Mwenye trekta Ifakara hana haja kubwa na msaada huo.

Jambo la kuamua zaidi ni aina ya injini. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, Canter za zamani na matrekta mengi ya Massey Ferguson yaliyozoeleka vijijini hutumia pampu ya kawaida isiyo na kompyuta. Nozeli zake ni imara na fundi wa wilayani anaweza kuzifungua, kuzisafisha na kuzipima. Injini ya namna hiyo ikipewa dizeli ya kawaida iliyo safi haidai kitu kingine. Kuilisha mafuta ya bei ya juu kila siku ni sawa na kumnunulia punda viatu.

Pikapu za kisasa ni habari tofauti. Hilux nyingi za dizeli zilizotoka katikati ya miaka ya 2000 na kuendelea zina mfumo wa komoni reli, ambao husukuma mafuta kwa mgandamizo wa zaidi ya mara elfu moja ya ule wa hewa ya kawaida, kupitia matundu membamba mno na vyuma vinavyosuguana kwa karibu sana. Uchafu ambao injini ya zamani ingeumeza na kutoa moshi tu, huku huua nozeli. Na nozeli hizo hazitengenezwi chini ya mwembe. Mwenye gari kama hilo, hasa linalozunguka mjini kwa safari fupifupi, ana sababu ya kufikiria dizeli yenye dawa ya kusafisha, hata kama si kila wiki.

Hata hivyo, hakuna dawa itakayoyafanya mafuta machafu kuwa masafi, na hapo ndipo ilipo hatari kubwa kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo. Neno kuchakachua lilivuma nchini kutokana na mchezo wa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa. Wakati huo mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo, kwa hiyo kila lita iliyochanganywa ilikuwa faida kwa mchanganyaji. Mafuta ya taa hayana ulaini wa kutosha kulainisha pampu ya dizeli, na pampu hujilainisha kwa mafuta yaleyale inayoyasukuma. Ikinyimwa ulaini huo, huanza kulika taratibu bila mwenye gari kujua. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili kuyatambua yaliyochanganywa, na katika bajeti ya 2011/12 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kiasi cha kuondoa utamu wa biashara hiyo. Hatua hizo zilisaidia, lakini hazina nguvu juu ya dumu linalouzwa kando ya barabara usiku.

Madereva wa zamani pia hulaumu kiberiti katika dizeli. Lawama hiyo imepitwa na wakati, kwani tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye kiberiti kisichozidi sehemu 50 katika milioni moja.

Adui aliyebaki karibu zaidi ni maji. Huingia katika matangi ya vituo wakati wa masika, na huingia katika mapipa ya shambani kwa umande unaoganda ndani usiku. Yakikaa chini ya dizeli huzaa kutu na vijidudu vinavyotengeneza utelezi wa kuziba chujio. Anayehifadhi dizeli shambani asitumie pipa lililopakwa zinki kwa ndani, maana zinki huingia katika mafuta na kuchafua nozeli. Aache mafuta yatulie siku nzima kabla ya kuyatumia, na asinyonye mpaka chini kabisa. Kwenye gari, maji yaliyojikusanya chini ya chujio yatolewe mara kwa mara, si kusubiri taa ya dashibodi iwake. Kazi hiyo haina gharama, na inaokoa injini kuliko jina lolote lililoandikwa kwenye pampu. Mfanyabiashara anayepakia nyanya Ilula jioni ili zifike Dar es Salaam alfajiri hana pa kubadilishia chujio gari likizimika usiku katikati ya hifadhi ya Mikumi, na nyanya hazimsubiri fundi.

Kwa anayetaka kujua kama dizeli ya bei ya juu inamlipa, hesabu ni rahisi. Chukulia ya kawaida ni shilingi 2,800 kwa lita na maalumu ni 2,900. Tangi la lita 70 litamgharimu shilingi 7,000 zaidi. Kama gari huenda kilomita 10 kwa lita, tangi la kawaida humpeleka kilomita 700. Dizeli maalumu italipa tofauti yake ikimfikisha kilomita 725. Ajaze tangi mara tatu kwa kila aina, kwa njia ileile na mzigo unaokaribiana, aandike kilomita na lita kwenye daftari. Tangi moja halitoshi kuamua, kwa sababu upepo wa tairi, foleni na mguu wa dereva huweza kubadilisha ulaji kwa kiasi hicho au zaidi. Mwenye kutumia lita 200 kwa mwezi hulipa shilingi 240,000 za ziada kwa mwaka. Fedha hizo zinanunua machujio kadhaa halisi, na kwa magari mengi ya shambani huko ndiko zinakotakiwa kwenda kwanza.

Wenye makampuni nao wana deni kwa wateja wao. Mfuko wa mbolea huandikwa kilichomo na kwa kiasi gani, na mkulima hununua akijua. Pampu ya dizeli maalumu mara nyingi huwa na picha ya gari linalokimbia na maneno matamu. Haitoshi. Mnunuzi aelezwe kwa Kiswahili chepesi ni dawa ya kazi gani iliyoongezwa, inafaa injini ya aina gani, na faida inayotangazwa ilipimwa wapi.

EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na tangu utaratibu huo ulipoanza mwaka 2009 wananchi wamejifunza kuufuatilia hata kwa redio. Wananchi haohao wanastahili kupewa maelezo ya ubora kwa uwazi uleule. Maofisa wanaopima mafuta vituoni wachukue pia sampuli za dizeli zinazouzwa kwa majina maalumu, na matokeo yatangazwe kwa jina la kituo. Risiti ya mashine ya EFD ionyeshe aina ya mafuta yaliyouzwa, maana bila hiyo mteja aliyelipia maalumu akawekewa ya kawaida hana cha kushika mkononi anapokwenda kulalamika katika ofisi za EWURA au kwa baraza la watumiaji, EWURA CCC.