Vitabu vya bure ama dawa ya minyoo? Jamaa aliyepima Busia hadi akabeba Nobel

Kila mwaka bajeti ikisomwa, bilioni hutajwa kama bei ya nyanya. Hii ni ya elimu, ile ni ya vijana. Lakini ni wangapi huuliza: hiyo doo ikishatumika, nini hubadilika?

Kuna msee aligeuza hilo swali likawa kazi yake. Anaitwa Michael Kremer, mwanauchumi wa Marekani. Baada ya digrii pale Harvard, alikuja kufundisha magharibi mwa Kenya kwa mwaka mmoja. Miaka ya 90 akarudi na wenzake, wakaanza kupima miradi ya shule Busia vile madaktari hupima dawa: shule zingine zinaanza, zingine zinangoja, halafu unalinganisha.

Majibu yalishtua wengi. Walipogawa vitabu vya bure, alama za wanafunzi wengi hazikusonga. Walionufaika ni wale walikuwa mbele tayari. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi huko hiyo ni lugha ya tatu. Kitabu unacho, kukisoma ndio noma.

Kuanzia 1998, yeye na Edward Miguel wakajaribu dawa ya minyoo katika shule 75. Utoro ulipungua kwa karibu robo. Hata watoto ambao hawakumeza dawa walisaidika, kwa sababu maambukizi yalipungua kijijini.

Tusidanganyane, alama za mtihani hazikupanda, na wataalam wengine wamebishana vikali na hesabu zake. Lakini walipofuatiliwa hadi miaka 20 baadaye, waliopata dawa kwa muda mrefu zaidi walikuwa wanalipwa karibu asilimia 13 zaidi kwa saa.

2019, Kremer, Abhijit Banerjee na Esther Duflo wakapewa Nobel ya uchumi.

Sasa sisi tunabaki na nini? Waliopimwa ni watoto wa huku, so hilo somo pia ni letu. Kitu cha bei rahisi ambacho hakipigiwi picha kinaweza kushinda mradi wa kukatwa utepe.

Mheshimiwa akikuja mtaani na ahadi mpya, usimuulize tu ni pesa ngapi. Muulize imejaribiwa wapi na ilisaidia nani. Akianza kuzunguka, jua hiyo ni doo yako anataka kubahatisha nayo.