Deni la Chumvi

Mkulima wa Muhoroni akipeleka miwa kiwandani, mizani haimwulizi kabila lake. Walakini tarehe 29 Oktoba 1991, katika shamba la Miteitei, upande wa Nandi, si mbali na Muhoroni, ugomvi wa wanahisa juu ya ardhi uligeuka kuwa vita vya makabila. Siku zile watu walikuwa wakidai vyama vingi vya siasa, na kura ya mtu ilihesabiwa kwa kabila lake kabla hajaipiga. Ndipo jirani aliyejulikana kwa jina, kwa ng'ombe wake, hata kwa deni lake la chumvi, akawa mmoja wa "wale" tu. Tume ya Jaji Akiwumi ya kuchunguza mapigano hayo iliundwa mwaka 1998. Nyumba zilikuwa zimekwisha kuteketea zamani, na wadeni wametawanyika.