Lualaba: udongo wa shamba upimwe kabla mgodi haujafunguliwa

Ardhi ya Kolwezi ni kati ya ardhi zilizopimwa sana katika Kongo nzima. Tangu enzi za Union Minière, kisha Gécamines, hadi makampuni ya leo, mashine zimetoboa vilima vya Lualaba mita kwa mita. Mawe yanayotolewa chini yanapangwa katika masanduku, kila kipande kinaandikwa namba na kupelekwa maabara, na baadaye mhandisi anajua shaba ni asilimia ngapi na kobalti ni asilimia ngapi. Lakini zile sentimita 30 za juu, ambamo mihogo na mahindi hutia mizizi, mwenye shamba hana hata karatasi moja inayosema zilikuwa za namna gani.

Upungufu huo hauonekani siku ya kawaida. Unaonekana siku ya ugomvi. Mkulima anakuja na malalamiko: mahindi yanageuka manjano, lengalenga inakauka, vumbi la karieri linatua juu ya majani tangu Mei hadi mvua ya kwanza. Mwakilishi wa kampuni anamsikiliza, kisha anajibu kwa maneno mafupi: hapa ni nchi ya shaba, shaba ilikuwa ndani ya udongo huu kabla sisi hatujafika. Na kibaya ni kwamba jibu hilo linaweza kuwa la kweli. Linaweza pia kuwa la uongo. Bila udongo uliochukuliwa kabla ya mgodi kufunguliwa, hakuna anayeweza kukata neno, na katika hali ya namna hiyo anayeshinda ni mwenye makaratasi mengi na mwanasheria.

Sheria yenyewe iko upande wa mkulima, angalau juu ya karatasi. Sheria ya madini ya 2002, kama ilivyorekebishwa Machi 2018, inasema katika kifungu cha 285 bis kwamba mwenye haki ya kuchimba lazima alipe hasara iliyoletwa na kazi yake kwa watu, mali na mazingira, hata kama hakuna kosa alilofanya. Hayo ni maneno mazito. Mkulima hahitaji kuthibitisha uzembe. Anahitaji kuthibitisha tu kwamba hasara imetoka mgodini. Kifungu cha 281 nacho kinampa fidia yule anayenyang'anywa shamba: thamani ya ardhi wakati inapochukuliwa, na nusu yake juu. Sasa thamani hiyo itajulikanaje? Katika mazungumzo mengi watu huhesabu mihogo, miembe na vibanda. Rutuba yenyewe, ambayo ingelisha familia miaka mingine ishirini, haihesabiwi kwa sababu haikupimwa.

Jibu la «shaba ni ya asili» haliwezi kutupwa hivihivi. Katika ukanda wa shaba, kutoka Kolwezi kupita Fungurume hadi Likasi, kuna vilima ambavyo miti ya miombo imekataa kuota tangu zamani. Shaba ni nyingi mno katika udongo wake, maelfu ya miligramu kwa kilo moja, wakati udongo wa kawaida hauna hata mia. Juu ya vilima hivyo humea majani na maua yaliyozoea sumu hiyo. Wanajiolojia wa zamani waliyafuata kama alama. Ua moja, Haumaniastrum katangense, limeitwa ua la shaba. Lakini ua hilohilo humea pia mahali ambapo mababu walijenga matanuru ya kuyeyusha shaba na kutengeneza ile misalaba iliyotumika kama pesa, karne nyingi kabla ya Wabelgiji. Yaani ua linasema shaba ipo. Halisemi nani aliileta.

Udongo wenyewe unaweza kusema, kama ukiulizwa vizuri. Njia si ya kichawi. Watu wa kazi hiyo wanachimba shimo la mita moja na nusu au mbili, wanasoma kuta zake tabaka kwa tabaka, rangi, mchanga, mfinyanzi, mizizi, kisha wanachukua sampuli kwa kila kina: sentimita tano za kwanza, ishirini, arobaini, hadi chini. Shaba iliyotoka katika mwamba inakuwapo hadi chini, na mara nyingi inaongezeka kadiri unavyokaribia jiwe. Shaba iliyoletwa na upepo au na maji machafu inakaa juu, imeshikwa na mboji ya sentimita za kwanza, na chini yake inapungua ghafla. Namba tano au sita za maabara zikiwekwa moja chini ya nyingine, hata mtu ambaye hakusoma kemia anaona tofauti.

Katanga imekwisha kuona jambo hilo. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi 1911, na moshi wake ulisukumwa miongo mingi na upepo wa kusini-mashariki, ule wa kiangazi. Upande wa kaskazini-magharibi, sehemu za Penga Penga, miti ilikufa na udongo ulibaki uchi, umejaa metali kwenye tabaka la juu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), pamoja na wenzao wa Gembloux huko Ubelgiji, walijaribu kuuponya kwa chokaa, mbolea ya takataka na nyasi zinazovumilia shaba. Hakuna aliyeweza kudai kwamba shaba ya Penga Penga ni ya asili, kwa sababu mambo matatu yalikubaliana: umbo la eneo lililoungua, namba za maabara, na mwelekeo wa upepo.

Hilo la tatu husahauliwa. Habari za hali ya hewa zinaonekana kama jambo la uwanja wa ndege, kumbe ni nusu ya ushahidi. Kolwezi iko karibu mita 1400 juu ya bahari. Mvua, kama milimita 1200 kwa mwaka, hunyesha karibu yote kati ya mwisho wa Oktoba na Aprili, na miezi inayobaki ni vumbi. Sampuli iliyochukuliwa Septemba, baada ya miezi mitano bila tone, haiwezi kulinganishwa na ile ya Februari wakati mvua imekwisha kuosha juu na kubeba vitu hadi mtoni. Anayetaka kujua kama vumbi la karieri limefika shambani lazima ajue upepo ulivuma kutoka wapi, siku ngapi, na mvua ilianza lini. Mettelsat ndiyo yenye kazi hiyo kitaifa. Kwa teritwari kubwa kama Mutshatsha au Lubudi, kipimo cha mvua shuleni na daftari la mwalimu vingesaidia zaidi ya hotuba.

Kisha kuna suala la aina ya udongo, ambalo wanasiasa hulipita wakisema tu «ardhi yetu ina rutuba». Ardhi ya Lualaba haiko sawa kila mahali, na sehemu kubwa haina rutuba nyingi. Chini ya miombo kuna udongo mwekundu au wa manjano, mzee sana, ulioshwa na mvua za maelfu ya miaka. Ni mchachu, umejaa chuma na alumini, na fosforasi ukiitia inanaswa kabla mahindi hayajaila. Juu ya uwanda wa Manika kuna mchanga wa Kalahari, mwepesi, ambao hauwezi kushika maji wala chakula cha mmea. Kwenye dembo, mabonde yanayojaa maji wakati wa mvua, udongo ni mweusi na mzito, na huko ndiko akina mama hulima mboga wakati wa kiangazi. Hata vichuguu vikubwa vya mchwa, vinavyofika mita tano hadi nane, ni udongo wa namna nyingine, wenye chokaa zaidi kuliko shamba linalovizunguka. Wakulima wanalijua hilo tangu zamani.

Vumbi lilelile likianguka katika sehemu hizo tatu halileti hasara ileile. Mfinyanzi mwekundu na chuma chake hushika sehemu kubwa ya shaba. Mchanga wa Manika hauna nguvu hiyo, na kinachoanguka juu yake kina njia fupi ya kushuka kwenye maji ya visima. Dembo hupokea kila kitu kinachoteremka kutoka juu. Ndiyo maana ripoti inayosema «udongo wa eneo la mradi» kwa neno moja, kana kwamba hekta elfu moja ni gunia moja, haimsaidii mtu.

Maabara nayo iulizwe swali linalofaa. Kiasi chote cha shaba katika kilo ya udongo ni jambo moja. Kiasi ambacho mzizi unaweza kunywa ni jambo lingine. Hapo uchachu ndio unaoamua. Udongo ukiwa mchachu, shaba, kobalti na kadimiamu hulegea na kuingia katika mmea kwa urahisi. Ukitiwa chokaa, sehemu kubwa inafungwa. Chokaa si bidhaa ya mbali: mawe yake yanachimbwa Kakontwe, karibu na Likasi, na viwanda vya madini vinaitumia kila siku kutuliza asidi yao. Mkulima wa matembele anayeishi kando ya barabara ambamo malori ya chokaa yanapita angeweza kuokoa mboga zake kwa magunia machache, kama angejua tu kipimo cha uchachu wa shamba lake. Hajui. Na majani ya matembele na lengalenga yanaliwa na watoto wa Kolwezi pamoja na bukari, kila jioni.

Wengine watasema kazi hii imekwisha kufanyika, kwa sababu sheria inaidai kampuni ifanye uchunguzi wa athari kwa mazingira na jamii kabla ya kuanza. Ni kweli, na baadhi ya vitabu hivyo vimeandikwa na watu wanaojua kazi yao. Lakini anayelipa uchunguzi ni yule atakayeshitakiwa kesho, sampuli zinabaki kwake, na kitabu chenyewe ni mamia ya kurasa za Kifaransa cha wahandisi. Mkuu wa kijiji hawezi kukifungua mbele ya wazee na kuonyesha namba ya shamba fulani. Wengine watalalamika kuhusu gharama. Neno hilo ni gumu kulipokea katika jimbo hili. Kwenye bonde la Musonoi na huko Kingamyambo, mabaki ya konsantreta ya Kolwezi yalimwagwa miongo mingi. Siku ilipojulikana kwamba ndani yake kuna karibu asilimia moja na nusu ya shaba, zaidi ya tani milioni 100 zilipimwa kwa uangalifu mkubwa, na makampuni yakazigombania hadi mahakamani nje ya nchi. Udongo wenye pesa hupimwa bila mtu kuuliza bei ya maabara.

Pesa za kupima udongo wa mihogo zipo ndani ya sheria hiyohiyo. Katika mrabaha wa madini, asilimia 25 ni ya jimbo na asilimia 15 ni ya komini, sekta au usultani ambako mgodi uko. Kampuni pia inatakiwa kutenga 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Vyumba vya darasa na visima vinajengwa kwa pesa hizo, na ni vizuri. Kutenga sehemu ndogo kwa ramani ya udongo ya kila grupema iliyo ndani ya vibali vya madini kungekuwa uamuzi wa mkutano mmoja. Wanafunzi wa kilimo wa UNILU na wa Chuo Kikuu cha Kolwezi wanahitaji kazi za mwisho wa masomo. Mashimo ya udongo ni kazi safi ya namna hiyo.

Mfano wa kufuata uko karibu. Kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za Kasulo mwaka 2014 na watu wakaanza kuchimba ndani ya lupango zao, watafiti wa UNILU na wa Leuven hawakuwapima wakaaji wa Kasulo peke yao. Waliwalinganisha na wakaaji wa kartie jirani ambako hakuna aliyechimba. Matokeo yalitoka 2018: kobalti nyingi zaidi katika mkojo wa watu wa Kasulo, hasa watoto. Bila ile kartie ya jirani, angetokea mtu wa kusema kwamba watu wote wa Kolwezi wako hivyo. Kwa mashamba, jirani huyo ni udongo wa jana.

Kwa hiyo serikali ya jimbo idai jambo moja kabla ya kukubali kazi ianze: udongo uchukuliwe mbele ya wenye mashamba, mwisho wa kiangazi, mahali paandikwe kwa GPS, na kila sampuli igawanywe mara tatu. Fungu moja liende kwa kampuni, la pili maabara ya chuo kikuu, la tatu likaushwe, lifungwe na kuwekwa kabatini bila kuguswa hadi siku ya ugomvi. Udongo mkavu ukihifadhiwa vizuri, shaba yake haipotei hata baada ya miaka thelathini. Matokeo yasomwe kijijini kwa Kiswahili, shamba kwa shamba. Na ufunguo wa kabati hilo usikae kwa kampuni wala katika ofisi ya gavana peke yake.