Nyumba za Wageni Zisiwahamishe Wenyeji

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 kutoka nchi za nje. Hilo ni jambo la kujivunia, kwani utalii ni nguzo ya uchumi wa Visiwa. Lakini wageni hao hawaji kwa kiwango kimoja mwaka mzima. Hufurika tangu Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia Disemba hadi Februari. Masika yakishika, vyumba hubaki vitupu, na baadhi ya hoteli za pwani hufunga milango mwezi Aprili na Mei.

Hata hivyo, wapo wenye nyumba ambao, kwa kuuona msimu mmoja tu, huwaondoa wapangaji wao wa kudumu ili wawapangishe wageni kwa siku. Mwalimu aliyepangiwa shule ya jirani, au muuguzi wa kituo cha afya, hujikuta akifunga virago na kuhamia mbali na kazi yake. Hasara hiyo huwafikia wanafunzi na wagonjwa pia.

Wenye nyumba hao hujidanganya kwa hesabu. Chukulia nyumba inayotozwa shilingi 60,000 kwa siku. Mwenyewe huzidisha kwa siku 30 na kuona shilingi 1,800,000 kila mwezi. Lakini ikipata wageni siku 25 katika kila mwezi wa miezi minne ya msimu, na siku sita tu katika kila mwezi wa miezi minane iliyosalia, jumla ni siku 148. Wastani wake ni shilingi 740,000 kwa mwezi, kabla ya kutoa umeme, maji, ufuaji, kodi na ujira wa dalali. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Haifai kuwapiga marufuku wananchi kunufaika na utalii. Linalotakiwa ni utaratibu. Kila nyumba inayolaza wageni kwa malipo iwe na leseni na iandikishwe katika shehia yake. Wapangaji wapewe mikataba ya maandishi na notisi ya kutosha. Na penye shule na vituo vya afya, nyumba za watumishi zijengwe bila kuchelewa. Mgeni huja na kuondoka na msimu wake, lakini mwalimu anahitajika darasani masika na kiangazi.