Usichomelee pedali, okoa thredi

Najua nilikuwa nimeahidi kuendelea na mambo ya programu, lakini leo niwieni radhi kidogo. Nataka kuzungumzia baiskeli.

Mzee wangu ana Black Mamba ya zamani. Ndiyo iliyobeba mitungi ya maziwa iliyonilipia karo, na hadi leo bado inabeba. Nilipoenda nyumbani juzi nikaamua kumbadilishia pedali ya kushoto. Ikagoma kuingia. Nikatafuta spana ndefu, nikakaza kwa nguvu zote, nikasikia "krrr". Kumbe nilikuwa naingiza pedali ya kulia kwenye kranki ya kushoto! Mimi na digrii yangu ya kompyuta nilikuwa nimepewa ujumbe wa hitilafu, nikaupuuza.

Kwa wasiojua: pedali ya kulia ina thredi za kawaida, ya kushoto ina thredi za kinyume. Ukishika spana kwa juu, zote mbili hukazwa kuelekea gurudumu la mbele. Zingekuwa za aina moja, ile ya kushoto ingejifungua polepole mtu anapoendelea kukanyaga.

Fundi wa kwanza aliniambia tuchomelee, mambo yaishe. Wa pili akasema ninunue kranki mpya. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi wote wawili wanakosea. Pedali iliyochomelewa haitoki tena. Siku beringi zake zikiisha, unatupa pedali pamoja na kranki. Na kranki mpya ya nini, ikiwa kilichoharibika ni thredi mbili tatu za mwanzo?

Mimi nilifanya hivi. Kwanza nilitoa kranki. Nati ya kota pini usiitoe kabisa. Ilegeze mpaka iwe sawa na ncha ya pini, ndipo ugonge kwa nyundo. Ukigonga pini ikiwa wazi, utakuwa na thredi nyingine ya kutengeneza. Kisha nikasafisha tundu kwa mafuta taa na brashi ya waya.

Halafu nikachukua ekseli ya pedali kuukuu ya kushoto. Kwa msumeno wa chuma nikakata mifereji miwili kwenye thredi zake, kwa urefu, nikalainisha kingo kwa tupa. Hapo tayari nina tapu ya kienyeji. Nikaiingiza kupitia upande wa ndani wa kranki, ambako thredi bado ni nzima. Hizo nzima ndizo zinazoiongoza mpaka ifike kwenye zile zilizolala na kuzinyoosha. Tia mafuta, zungusha robo mbele, rudi nyuma, safisha uchafu, endelea. Gharama yangu ilikuwa mafuta taa na grisi kidogo.

Onyo moja. Fundi wa magari anaweza kukuazima tapu ya plagi ya injini, kwa sababu inaonekana ni saizi ileile. Plagi nyingi za magari ni milimita 14, na kutoka thredi moja hadi nyingine ni milimita 1.25. Pedali za kranki kama hizi kwa kawaida ni inchi 9/16, thredi 20 kwa inchi, yaani milimita 14.29 kwa 1.27. Tofauti ni ndogo sana kwa macho, lakini chuma kinaijua. Isitoshe, tapu hiyo ni ya kulia, na ukiitia kwenye kranki ya kushoto unamalizia kuiua.

Njia hii ina mipaka. Thredi zikiwa zimeng'oka zote, au pedali ikicheza hata baada ya kukazwa, usimpandishe mtu. Hapo nenda kwa fundi mwenye mashine ya kukerezea akuwekee bushi, au kubali kununua kranki.

Ninachoamini ni kwamba tunachokosa zaidi si vifaa bali ni kujua saizi. Mafundi wetu wana mikono mizuri kuliko yangu. Kila kibanda kingekuwa na ubao wenye saizi hizi chache, na mshale wa kuonyesha kila pedali hukazwa upande gani, chuma kingi kingepona.

Mzee alizunguka boma mara mbili, akashuka, akaniuliza ile spana ndefu iko wapi. Nikampa. Sijui ameificha wapi.