Treni ya Kamba: Breki Kwanza, Mandhari Baadaye

Leo tuache programu kidogo tuzungumzie treni, ingawa najua mwishowe tutarudi huko huko.

Wengi hawajui kwamba Kenya iliwahi kuwa na treni za kamba. Wajenzi wa Reli ya Uganda walipofika ukingo wa Kikuyu, ambapo ardhi inaporomoka kuelekea Bonde la Ufa, hawakusubiri njia ya kudumu ikamilike. Walilaza reli za muda mteremkoni wakashusha mabehewa kwa kamba ya chuma. Behewa lenye mzigo likishuka, uzito wake ulivuta jepesi kupanda. Njia ya kudumu ilipokamilika mwaka 1901, mtambo huo ukaachwa.

Mimi nasema turudishe treni kama hiyo, safari hii kwa ajili ya mandhari. Hong Kong wanayo tangu 1888, na hadi leo watu wanapanga foleni kupanda kilimani kuutazama mji. Kwetu, watalii wa barabara ya Mai Mahiu husimama ukingoni, wanapiga picha ya Mlima Longonot, wanaondoka. Wakikaa saa mbili, hata vinyago vya huku kwetu Wamunyu vitapata wanunuzi zaidi.

Lakini kuna sharti. Tarehe 3 Septemba 2025, treni ya Glória mjini Lisbon, iliyoanza kazi mwaka 1885, iliua watu 16. Mabehewa yake mawili yalitegemeana kwa kamba moja. Kamba ilichomoka pale ilipofungwa kwenye behewa. Dereva alifunga breki, lakini peke yake hazikuweza kulizuia behewa. Asubuhi hiyo hiyo lilikuwa limekaguliwa, ila sehemu iliyoharibika haionekani bila kufungua behewa.

Sisi waandishi wa programu tunaufahamu ugonjwa huu. Unaweka seva ya pili, unajisifu kwamba una akiba, kumbe zote mbili zinategemea waya mmoja wa umeme. Majaribio yanapita kwa sababu hayagusi pale panapooza. Akiba isiyoweza kusimama peke yake si akiba, ni pambo.

Kwa hiyo anayetaka kujenga treni ya kamba pale ukingoni asinionyeshe kwanza picha za bonde. Aikate kamba mbele yangu, behewa likiwa limejaa magunia ya mchanga. Likisimama, nitakuwa wa kwanza kukata tiketi.

Je, nyinyi mngepanda?