Simu zaandika tusemayo, lakini zasikia Kiswahili cha nani?

Shangazi yangu mmoja, mkaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa, ni mtu wa kalamu. Alihitimu chuoni angali mdogo, na hadi leo huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hati safi isiyo na doa. Lakini herufi za Kizungu, tena zile ndogo ndogo za kwenye kioo cha simu, humchosha. Basi mjukuu wake akamwekea programu ya kuandika kwa sauti. Mtu hugusa alama ya kinasa sauti kwenye kibodi, akasema alitakalo, na maneno yakajiandika yenyewe.

Siku ya kwanza shangazi alimpelekea ujumbe mjukuu wake mwingine, aliyezaliwa na kulelewa Nairobi. Alisema: "Ndoo kesho, mato yaniuma." Simu ikaandika: "Ndoo kesho mtoto ananiuma." Kijana akajibu kwa adabu zake zote: "Shikamoo nyanya. Nije na ndoo kubwa au ndogo? Na ni mtoto gani huyo anayekuuma?"

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Lakini baada ya juma moja nilimkuta bibi huyu ameiinamia simu yake, akisema polepole kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkali: "Njoo. Macho." Mtu mzima wa miaka sabini na kitu, ambaye sisi sote humwendea kuuliza maana za maneno ya kale, alikuwa akiunyosha ulimi wake ili mtambo upate kumwelewa. Hapo kicheko kilinitoka.

IMLA SI NGENI KWETU

Ndugu msomaji, jambo la mtu kusema na mwingine akaandika si geni pwani hii. Wazee wetu wengi walikwenda kwa waandishi wa barua wakasema yaliyo moyoni, nayo yakasafiri kwa majahazi. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, alipotunga utenzi wake mashuhuri mwaka 1858 hali yu mgonjwa, alianza kwa kumwita bintiye asogee karibu na wino na karatasi apate kumwambia yaliyomo moyoni. Na neno alilomwitia ni hilo hilo "ndoo" lililomtatiza kijana wa Nairobi.

Kwa hivyo hatuna sababu ya kukiogopa chombo hiki. Kina manufaa makubwa kwa wazee wenye macho hafifu, kwa wasioona, kwa mvuvi au fundi ambaye mikono yake imeshika kazi, na kwa wale waliosoma chuoni lakini hawakupata kwenda skuli. Wako watakaosema kwamba inatosha mtu kunasa sauti yake na kuipeleka ilivyo. Kweli inatosha kwa salamu. Lakini maandishi husomeka kimya kimya mbele za watu, huweza kutafutwa baada ya miezi, na huweza kupelekwa ofisini au hospitali. Sauti iliyonaswa haiyafanyi hayo kwa wepesi.

Mwezi wa Agosti 2017 kampuni ya Google ilitangaza kwamba imeongeza lugha na lahaja 30 katika kazi ya kuandika kwa sauti, zikafika 119 kwa jumla. Kiswahili na Kiamhari vilikuwamo. Kiswahili kiligawanywa mara mbili, cha Kenya na cha Tanzania. Mgawanyo huo wafuata mipaka ya serikali. Lakini lugha yetu haikugawanyika hivyo. Mtu wa Vanga na mtu wa Tanga wasikilizana kuliko mtu wa Vanga na mtu wa Nakuru.

MTAMBO WAJIFUNZA KWA NANI

Mtambo huu hauna masikio wala akili kama yetu. Hulishwa saa nyingi za sauti za watu pamoja na maandishi ya yale waliyosema, ukajifunza kwamba mlio fulani huandikwa hivi. Kisha unaposikia mlio mpya hukisia ni neno gani lielekealo kuwa ndilo, kwa kutazama maneno yaliyotangulia na yanayofuata. Neno usilolikuta katika mafunzo yake huelekea kulibadilisha kuwa lile ulijualo. Ndiyo maana "mato" yakawa "mtoto".

Wingi wa sauti hizo basi ndio mtaji, na mtaji huo haukugawanywa sawa. Mtambo mmoja mashuhuri uitwao Whisper, uliotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022, ulifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Katika hizo, saa 117,000 tu ndizo zilizogawanywa kwa lugha 96 zisizokuwa Kiingereza. Ikiwa Kiswahili kizima kimo katika kugombea fungu hilo, Kimvita, Kiamu na Kibajuni vitapata nini?

Na tofauti zetu si za mapambo. Sisi twasema "ndia" kwa njia, "kitwa" kwa kichwa, "kuteka" kwa kucheka. Mtu akisema "mtoto ateka" akiwa na maana kwamba anacheka, msomaji wa bara atadhani anateka maji, au anateka watu! Aidha, Mswahili wa Mvita hutenga kwa pumzi paa la nyumba na paa wa mwituni, ambapo maandishi ya kawaida huyaandika yote mawili sawasawa.

YALIYOPITA MOMBASA

Jambo hili lilikwisha kutupata. Mwaka 1928 ulifanywa mkutano papa hapa Mombasa kuamua ni Kiswahili gani kitakachokuwa cha skuli na vitabu katika Afrika Mashariki. Wako waliokitetea Kimvita, lugha ya Muyaka bin Haji na ya washairi wengine wengi. Kiunguja kikachaguliwa. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia Kiswahili Sanifu, na katika miaka yake ya mwanzo kamati hiyo haikuwa na mjumbe Mwafrika.

Sisemi kwamba Sanifu haina faida. Gazeti hili huandikwa kwa Sanifu, na kwa Sanifu msomaji wa Kisumu na wa Kisiwani Pate hukutana. Lakini watoto wetu wengi walitoka skuli wakiamini kwamba mama zao husema makosa. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Tofauti ya leo ni kwamba kamati ya 1930 ilifika katika vitabu na mitihani tu. Jikoni, barazani na katika harusi watu walisema watakavyo. Simu yaingia huko kote. Ikiwa kila ujumbe wa nyumbani wapita katika sikio lisilojua ila Sanifu, basi hata yule asiyekwenda skuli atafunzwa kuacha lugha yake, na atakayemfunza ni chombo alichokinunua mwenyewe.

SAUTI NI AMANA

Mlango wa kuingia upo. Mradi wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla, ulioanza mwaka 2017, hukusanya sauti za watu wa kujitolea. Mwaka 2021 ulipewa dola milioni 3.4 kwa ajili ya kazi ya Kiswahili. Mtu husoma sentensi, sauti yake ikanaswa, na wengine husikiliza na kuthibitisha.

Lakini hapa pana jambo la kuangaliwa. Sentensi zinazosomwa zikiwa zote ni za Sanifu, mtu wa Mvita akizisoma mtambo utapata lafudhi yake, lakini hautapata "ndoo" wala "mato". Haitoshi basi kutoa sauti. Yapasa pia tutoe sentensi, tuziandike kama zisemwavyo majumbani mwetu, na tutaje ni lahaja gani.

Pili, sauti ni amana. Zinazokusanywa na mradi huo huwekwa wazi kwa yeyote kutumia, hata makampuni ya biashara, na mtu atoe akijua hivyo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yautaja utambuzi wa sauti pamoja na alama za vidole miongoni mwa mambo yanayomtambulisha mtu kwa mwili wake. Na programu nyingine za kuandika kwa sauti huyapeleka maneno yako kwenye mitambo ya kampuni iliyo mbali kabla ya kukurudishia maandishi.

Kwa anayetaka kumwekea mzazi wake programu hii, njia ni fupi. Fungua mipangilio ya kibodi, ongeza Kiswahili katika lugha, uruhusu kinasa sauti, kisha ujaribu kwa sentensi moja moja pasipo kelele za redio. Chukua programu ijulikanayo, usipewe na mpita njia. Mfunze mzee kusoma, au kusomewa, kabla ya kupeleka. Asiseme kamwe namba yake ya siri ya pesa, wala siri ya nyumba ya watu.

Na la muhimu zaidi, simu ikikosea, mrekebishe simu. Usimrekebishe mzee. Sahihisha neno kwa mkono, na pale panaporuhusu, litie katika kamusi ya kibodi.

Walimu wetu wa Kiswahili, vyuo vikuu vilivyoko pwani, na vikundi vya vijana vinavyohifadhi mashairi, hii ni kazi yenu. Wazee wenye Kimvita, Kiamu na Kibajuni safi wangali hai, na wapenda kusema. Kaeni nao, kwa idhini yao, muwanase wakisimulia habari za bahari, mapishi na harusi, na muyaandike kama walivyoyatamka. Nami nimekwisha kumwomba shangazi yangu. Amekubali, kwa sharti moja: kwamba kijana wa Nairobi ndiye awe mwandishi, apate kujua kwamba "ndoo" si lazima iwe na mpini.